Mizizi ya Bangi: Kilichomo, na Kisichotoka kwa Maji ya Moto

Hii ni hotuba niliyoitoa hapa Nairobi mbele ya wahudumu wa afya ya jamii, waganga wa tiba asili na wanafunzi wa kemia. Waliokosa kufika wameniomba niiweke yote. Picha zilizoonyeshwa ukutani nimeziacha.

Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wetu wa tiba asili, wahudumu wetu wa afya mnaozunguka nyumba kwa nyumba Mukuru, Mathare na Kayole, wanafunzi wapendwa, mabibi na mabwana, hamjambo? Itifaki imezingatiwa.

Nimeitwa nizungumzie mizizi ya bangi. Nasikia minong'ono huko nyuma, na sishangai. Mmea huu ukitajwa katika jiji hili, mawazo ya wengi hukimbilia vichochoroni na kituo cha polisi. Leo sizungumzii moshi. Nazungumzia sehemu ya mmea ambayo mvutaji hana haja nayo, ile inayobaki udongoni. Na swali ni moja, naomba tulishike pamoja: je, ndani ya mizizi hii mna kitu kinachoweza kuua vimelea ambavyo dawa zetu zimeanza kushindwa navyo?

Kwa nini tulishike swali hili? Mwaka 2019 peke yake, watafiti walikadiria kwamba watu milioni 1.27 duniani waliuawa na bakteria waliokuwa sugu kwa dawa. Na ukilinganisha vifo hivyo na idadi ya watu, Afrika kusini mwa Sahara ndiyo iliyoumia zaidi. Nanyi mnajua mambo haya yanavyoanza mtaani. Mtu ameamka na koo linamuuma. Anaingia kwa kemisti, anaitisha antibayotiki ya amoksisilini ya shilingi hamsini. Haitishi dozi, anaitisha ya shilingi hamsini. Anameza siku mbili, anapata nafuu, anaacha. Bakteria dhaifu wamekufa. Wale wenye nguvu wamebaki, na sasa wana nafasi yote kwao. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini, alionya juu ya jambo hili hili mwaka 1945 alipokuwa akipokea Tuzo ya Nobel. Alituonya mapema namna hiyo! Kwa hiyo mtu akiniambia kuna mmea ambao huenda una silaha mpya, siwezi kumfukuza kwa sababu tu jina la mmea linatia watu aibu.

Sasa tuchimbe.

Mizizi ya bangi si ugunduzi wa jana. Mwandishi wa Kirumi, Plinio Mkubwa, aliandika katika karne ya kwanza kwamba mizizi hii ikichemshwa hulegeza viungo vilivyokakamaa na kutuliza jongo. Akaongeza jambo ambalo nitalirudia baadaye: kwamba mzizi mbichi hupakwa juu ya jeraha la moto, na hubadilishwa kabla haujakauka. Wachina nao waliutumia. Lakini kemia yenyewe ilingoja sana. Ni mwaka 1971 ndipo wanakemia walipotenganisha vitu viwili kutoka mizizini na kuvitaja kwa majina: fridelini na epifridelanoli. Vyote viwili ni vya ukoo unaoitwa triterpenoidi, molekuli kubwa zenye asili ya mafuta, zilizojengwa kwa pete tano za kaboni zilizoshikana. Wakapata pia amidi moja ya jamii ambayo mimea mingi huitengeneza inapojeruhiwa au kushambuliwa, ili kuimarisha kuta za seli zake. Miaka michache baadaye ikapatikana alkaloidi, yaani kemikali ya mmea yenye nitrojeni, iliyopewa jina la mmea wenyewe, kanabisativini. Humo mizizini mna pia sitosteroli na ndugu zake, na kiasi kidogo cha kemikali mbili zinazowasha, piperidini na pirolidini.

Mbona sijataja THC, ile kemikali ya bangi inayolewesha? Hapa ndipo watu wengi wanapopotea, na nataka tusimame kidogo.

THC, CBD na wenzao, jamii inayoitwa kanabinoidi, hutengenezwa kwa wingi katika vinyweleo vidogo vyenye utomvu, na vinyweleo hivyo vimejaa kwenye maua ya mmea jike. Mzizi hauna vinyweleo hivyo. Vipimo vya mizizi hukuta kanabinoidi chini ya asilimia 0.01, wakati maua ya aina zenye nguvu hupita asilimia 15. Mzizi haulewishi. Lakini kuna upande wa pili, na wauzaji hawausemi. Ule utafiti mnaousikia ukitajwa sana, wa mwaka 2008, ulioonyesha kwamba kanabinoidi tano zinazuia bakteria Staphylococcus aureus aliye sugu kwa dawa, yule tunayemwita MRSA, kwa kiwango kidogo cha maikrogramu 0.5 hadi 2 kwa mililita moja, ulihusu kanabinoidi. Ulihusu vitu vya maua. Haukuhusu mizizi! Mtu akikuuzia mzizi kwa sifa za ua, amekuuzia nini? Amekuuzia sifa za mmea mwingine kabisa, hata kama umeota kwenye shina lile lile.

Basi mizizi ina nini cha kwake dhidi ya vimelea? Twendeni maabara.

Unachukua sahani ya plastiki, upana wake kama kiganja. Ndani yake kuna agari, jeli ya kuoteshea bakteria, iliyoganda, ya manjano hafifu. Unachovya pamba kwenye maji yenye bakteria, unapaka sahani nzima kwa mistari iliyosongamana, unaizungusha, unapaka tena, unaizungusha, unapaka mara ya tatu, ili pasibaki pengo. Kisha kwa koleo ndogo unaweka vidiski vya karatasi, kila kimoja milimita 6. Kimoja kimelowa dondoo la mzizi, yaani kilichokamuliwa kutoka mzizini. Kingine kina antibayotiki tunayoijua. Cha tatu kimelowa kiyeyushi kitupu, kile kilichotumika kukamua mzizi. Unafunika, unaweka kwenye joto la nyuzi 35, usiku kucha. Asubuhi unaiinua sahani mbele ya taa. Bakteria wameota utando mweupe kila mahali, isipokuwa pale walipozuiwa: kuna duara safi, angavu, kuzunguka kidiski. Ukiliona duara lile kwa mara ya kwanza kutoka kwa mmea uliouchuma mwenyewe, moyo hudunda.

Lakini mwanafunzi mzuri hulitazama kwanza duara la kidiski cha tatu. Kwa nini? Kwa sababu nacho kikiwa na duara, basi kilichoua bakteria ni methanoli, kiyeyushi chenyewe. Mzizi hauna habari.

Na kuna jambo la ndani zaidi. Fridelini ni ya mafuta. Haipendi maji, na agari sehemu yake kubwa ni maji. Kwa hiyo inaweza kukaa pale pale ilipowekwa, isisambae, duara likawa dogo, nawe ukaandika kwamba haina nguvu. Ndiyo maana kipimo cha sahani hakitoshi. Lazima ushuke kwenye mirija, upunguze kiwango nusu kwa nusu, utafute ni kiasi gani kidogo kabisa kinachozuia bakteria wasiote. Kwa dondoo la mmea ambalo halijasafishwa, watafiti wengi huanza kuinua macho likizuia kwa maikrogramu 100 kwa mililita au chini ya hapo. Fridelini iliyosafishwa imepimwa dhidi ya bakteria na fangasi kadhaa, na mara nyingi nguvu yake imekuwa ndogo au ya wastani. Nasema hivi waziwazi ingawa ningependa kuwaletea habari tamu zaidi. Ambako imefanya vizuri ni katika kutuliza uvimbe kwenye panya wa maabara, na hilo linaendana na yale ya Plinio kuhusu viungo.

Kuna pia suala la ni bakteria gani. Wako wenye ukuta mmoja mnene, kama Staphylococcus, wale wa vidonda na majipu. Wako wengine, kama E. coli, wenye utando wa ziada kwa nje, sawa na nyumba ya mtaa wa matajiri ambako lazima umpite askari wa geti kabla hujaufikia mlango. Dondoo nyingi za mimea huwaweza wale wa kwanza na kusimamishwa getini na hawa wa pili. Kwa hiyo mtu akikuambia mzizi wake "unaua maambukizi yote", muulize: umepima wepi?

Nije sasa kwenye sufuria.

Kuna mama mmoja, muuza mitumba, alinionyesha chupa ya plastiki ya lita moja na nusu. Maji ya kahawia, yenye harufu ya udongo, na chini yake mashapo meusi. Aliuziwa kama mizizi ya bangi iliyochemshwa, akaambiwa ampe mjukuu wake mwenye majipu asubuhi na jioni. Mama yule si mjinga. Ni mtu aliyechoka kupanga foleni na kurudi nyumbani na karatasi ya dawa asizoweza kununua. Nilimheshimu, nikakaa naye, tukaulizana maswali kwa utaratibu. Mizizi ilikuwa gramu ngapi? Hajui. Ilichimbwa wapi? Hajui. Ni ya bangi kweli? Mzizi uliokatwakatwa na kuchemshwa hauna uso, nani atauthibitisha?

Halafu nikamweleza lile la kemia, nanyi nawaeleza. Triterpenoidi zote katika mzizi mkavu ni kama asilimia 0.13 hadi 0.24. Gramu 100 za mzizi zina miligramu 130 hadi 240, basi. Na hizo hazitoki kwa maji ya moto! Fridelini haiyeyuki majini. Unaweza kuchemsha hadi makaa yaishe, fridelini itabaki ndani ya vipande unavyovitupa. Kinachotoka kwa urahisi ni vile vinavyopenda maji, zikiwemo piperidini na pirolidini, ambazo huwasha na zikizidi zinaweza kudhuru ini. Kwa hiyo mtoto anakunywa kile tusichokitaka na tunamwaga kile tulichokifuata. Mjukuu alipelekwa zahanati, jipu likapasuliwa na kusafishwa.

Kuna jambo la udongo pia, na kwa Nairobi ni zito. Mmea wa bangi ni hodari wa kufyonza metali kutoka ardhini: kadmiamu, risasi, nikeli. Ni hodari kiasi kwamba katani, ambayo ni bangi ya nyuzi, ilipandwa karibu na Chernobyl katika majaribio ya kusafisha ardhi. Na sehemu kubwa ya metali hizo hubaki mizizini. Sasa jiulize, mmea wa kujificha hupandwa wapi katika jiji hili? Kando ya mto. Nyuma ya karakana. Karibu na jaa la taka. Nani angependa kunywa supu ya mizizi iliyofyonza ardhi hiyo?

Na yale majeraha ya moto ya Plinio? Nawaomba, wahudumu wa afya, lishikeni hili kama hamtashika lingine. Vyumba vyetu ni vidogo, jiko liko sakafuni, watoto wanaungua kila siku. Mzizi mbichi umetoka udongoni, na udongoni ndiko wanakoishi bakteria wa pepopunda. Kuuweka juu ya ngozi iliyoungua ni kuwafungulia mlango. Jeraha la moto ni maji safi ya baridi yanayotiririka, dakika 20, kisha kitambaa safi, kisha hospitali. Usipake mzizi, usipake dawa ya meno, usipake unga.

Najua kuna mzee hapa mbele anajiuliza: kwa hiyo umekuja kutuambia mitishamba ni bure? La hasha, mzee wangu. Nimekuja kusema kinyume chake, na nitakupa ushahidi wa hapa hapa Nairobi.

Kabla ya huo, nawakumbusha safari ya penisilini, kwa sababu wengi husimulia mwanzo wake tu. Fleming aliona ukungu ukiua bakteria kwenye sahani mwaka 1928, London. Duara safi, kama lile nililowaeleza. Je, mwaka 1929 watu walipona? Hawakupona. Ilichukua hadi Februari 1941 ndipo wenzake wa Oxford, Howard Florey na Ernst Chain na kikosi chao, walipomdunga mgonjwa wa kwanza aliyekuwa mahututi kwa maambukizi, polisi aliyeitwa Albert Alexander. Uso wake ulikuwa umejaa usaha, jicho moja lilikuwa limekwisha kutolewa. Akapewa dawa, homa ikashuka, akaanza kula. Dawa ilikuwa kidogo mno hivi kwamba walikusanya mkojo wake ili waikamue penisilini tena. Ikaisha. Maambukizi yakarudi, na Machi akafariki. Dawa ilikuwa ya kweli, nguvu yake ilikuwa ya kweli, na mtu akafa kwa sababu haikutosha. Kati ya duara kwenye sahani na mgonjwa kitandani kuna kusafisha, kuna kipimo, kuna sumu ya kuchunguza, kuna wingi. Hata kanabinoidi zenyewe, Waholanzi walionyesha mwaka 1976 kwamba THC na CBD zinazuia bakteria vizuri kwenye mrija, lakini walipoongeza damu humo, nguvu ilishuka sana. Na sisi ndani yetu tuna nini kama si damu?

Ushahidi wa Nairobi ni huu. Mnaujua mti wa muthiga, ambao Wakalenjin huuita sogoet. Gome lake linawasha mdomo kuliko pilipili, na wazee wameutafuna kwa jino, kwa koo na kwa kikohozi tangu enzi. Katika miaka ya 1970, profesa wetu Thomas Odhiambo alikuwa ameanzisha hapa Nairobi kituo cha utafiti wa wadudu, ICIPE. Wanakemia Koji Nakanishi na Isao Kubo wakaupima muthiga kupitia kazi ya kituo hicho, dhidi ya viwavijeshi. Walipaka dondoo kwenye vipande vya majani, wakamwekea kiwavi. Kiwavi mwenye njaa, anayemaliza shamba la mahindi kwa usiku, akakataa kula. Mwaka 1976 wakatangaza kemikali mpya waliyoiita waburganali. Pamoja nayo gome lina poligodiali, ambayo ndiyo inayowasha ulimi wako, na ambayo imethibitishwa kuua fangasi, pamoja na Candida. Mzee aliyetafuna gome alikuwa sahihi, na maabara ikasema ni nini na kwa kiwango gani. Hivyo ndivyo ninavyotaka tufanye na mizizi.

Na bangi je? Sheria yetu ya dawa za kulevya ya mwaka 1994 inakataza kuipanda, na mzizi huwezi kuupata bila mmea. Mtafiti anahitaji kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, na ruhusa nyingine juu yake. Lesotho ilianza kutoa leseni za kilimo cha tiba mwaka 2017, Kanada iliruhusu bangi mwaka 2018, na huko mashamba huvuna maua na mizizi hubaki kama takataka. Msimamo wangu ni kwamba watafiti wetu wapewe njia fupi na ya wazi ya kupata mizizi hiyo kwa ajili ya maabara tu. Ni haki kabisa kuidai njia hiyo. Lakini tusikae tukingoja.

Kwa sababu kuna mzizi mwingine, na huu hauhitaji kujificha. Miraa. Msicheke, sikilizeni. Miraa ni wa familia ya mimea ambayo fridelini ndiyo malighafi yake: mimea hiyo huichukua fridelini, ile ile ya mizizi ya bangi, na kuigeuza hatua kwa hatua kuwa vitu vikali zaidi. Katika maganda ya mizizi ya miraa wanakemia wamepata pristimerini na selastroli, zenye rangi ya machungwa, na pristimerini ina nguvu ya kweli dhidi ya bakteria wenye ukuta mmoja. Ina sumu pia, kwa hiyo asije mtu akaondoka hapa kwenda kuchemsha mizizi ya miraa. Lakini fikirini! Bangi inaishia kwenye fridelini, na miraa yetu ya Meru na Embu inaendelea mbele. Mmea halali, wakulima wapo, ardhi yake inajulikana.

Kwa hiyo ombi langu ni la vitendo. Wazee wa tiba asili, mnaochimba mizizi ya kutibu vidonda, ya bangi mmesikia sheria inasemaje, lakini ya mingine leteni mmea mzima: mzizi pamoja na jani na ua, hata tawi moja, ili wataalamu wa hazina ya mimea iliyokaushwa pale Makumbusho ya Taifa wauthibitishe kabla haujaingia maabara. Msichimbe mti wote, kateni mzizi wa pembeni mfukie. Kabla ya kukabidhi chochote tutaandikiana mkataba unaosema ujuzi ni wa nani na faida itagawanywaje, na mtaondoka na nakala. Wahudumu wa afya, mkikuta chupa kama ile ya mama wa mitumba, msiimwage mbele ya mwenyewe. Ulizeni imetoka wapi, andikeni, kisha mpelekeni mgonjwa kituoni. Nanyi wanafunzi, nahitaji wa kuanza na maganda ya mizizi ya miraa, kiyeyushi cha heksani kwanza, methanoli baadaye, na kidiski cha kiyeyushi kitupu kwenye kila sahani.

Kitabu cha kujiandikisha kiko kwenye meza karibu na mlango. Andika jina la mmea unavyoitwa kwenu, mahali unapoota, na unautumia kutibu nini. Sasa nipokee maswali, tuanze na mzee wa hapa mbele.